YAH: Kurejeshewa dola 740 za safari ya kayaki Ziwa Superior

Minneapolis, Minnesota
24 Juni 2024

Ndugu Meneja,

Mimi ndiye niliyelipia nafasi nne katika safari yenu ya Jumamosi, tarehe 15 Juni, kwenda kwenye mapango ya Meyers Beach, Wisconsin. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa kuwa tangazo lenu lilikuwa la Kiswahili na muuzaji aliyenipigia simu alikuwa Mswahili mwenzangu, hivyo hapatakuwa na wa kusema hakuelewa.

Muuzaji huyo aliniuliza kama nimewahi kupanda mtumbwi. Nikacheka. Nimezaliwa Ukerewe, kafi nililishika kabla ya kalamu. "Basi kwako huu ni mchezo tu, kaka," akasema, "ziwa ni ziwa." Nami nikakubali, na hapo kosa ni langu. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Ninyi mmeigeuza methali, bahari mkatuuzia kama maji ya kifuu. Hasira za Ziwa Victoria nazijua, lakini ukiangukia humo unaweza kuogelea mpaka upate cha kushika. Superior lina zaidi ya kilomita za mraba 82,000, kina chake kinafika mita 406, na katikati ya Juni maji yake bado yana baridi kali. Kipimajoto cha muongozaji wenu mwenyewe kilisoma nyuzi 8 za Selsiasi pale ufukweni, huku sisi tumesimama juani na fulana zetu. Yeye alikuwa amevaa vazi zito la mpira, shingoni hadi vifundoni. Sisi tulipewa majaketi okozi, basi. Nilipouliza mavazi yetu yako wapi nikajibiwa yamebaki ghalani.

Halafu kayaki zenyewe. Kwenye picha ya tangazo ni zile ndefu, nyembamba, zenye vyumba viwili vya hewa vilivyofungwa mbele na nyuma, na kila mpandaji amefungwa turubai kiunoni ili maji yasiingie. Tulizozikuta ni za plastiki, futi 10, tundu la kukalia pana kama beseni, bila turubai na bila chumba chochote. Hizo ni za kuchezea kwenye bwawa. Hifadhi ya Visiwa vya Apostle, ambamo mapango hayo yamo, inashauri kayaki za baharini na inaonya watu wasiende huko na vyombo vidogo vya wazi. Maelekezo hayo yako wazi kwa kila mtu, na ninyi mnaishi kwa biashara hii.

Asubuhi ziwa lilikuwa shwari. Kufika saa sita upepo ukageukia kaskazini-magharibi, tukiwa chini ya majabali. Wimbi la pale likigonga mwamba halifi. Linarudi, linakutana na linalokuja, na maji yanaruka kutoka chini bila mwelekeo. Mvuvi yeyote wa kwetu angejitenga na mwamba mapema, lakini muongozaji alikuwa mbele kabisa, peke yake na watu 11. Kayaki ya shemeji yangu ilijaa kama ndoo ikapinduka. Aliibuka mdomo wazi, anahema bila sauti. Hakuna pa kutia nanga wala kupanda, ni ukuta wa jiwe. Nilijaribu kukimwaga maji chombo chake, lakini chombo kisicho na vyumba kikijaa ni sawa na ng'ombe aliyekufa majini. Waliomtoa ni wazee wawili waliokuwa wakipita na kayaki zao ndefu. Walimpandisha, wakamfunga kamba, wakamvuta hadi ufukweni, na mmoja wao akampa blanketi lake. Muongozaji alifika baada yao. Shemeji alishindwa hata kufungua zipu ya jaketi lake, vidole havikukunja.

Pilau tuliyoahidiwa iligeuka mkate na jibini. Hilo naliacha.

Jibu lenu la tarehe 19 linasema "hali ya hewa ni mipango ya Mungu, hivyo fedha hairejeshwi". Silalamikii upepo. Kwanza utabiri wa mwambao unaotolewa Duluth ulikwishasema tangu alfajiri kwamba upepo ungegeuka, nami niliusoma baadaye. Pili, upepo ni wa Mungu, lakini kayaki ya futi 10 mliinunua ninyi, na mavazi yaliyobaki ghalani mliyaacha ninyi.

Nataka dola 740 zote, yaani 185 kwa kila nafasi, na ile picha iondolewe kwenye tangazo mpaka mtakapokuwa na vyombo vinavyoonekana humo. Nasubiri hadi tarehe 8 Julai. Ikipita, nitapeleka malalamiko kwenye ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Minnesota, na nitawaandikia wasimamizi wa hifadhi kuwauliza kama kampuni yenu ina kibali cha kuingiza wateja mle, maana kibali ni lazima.

Risiti, picha za kayaki na nakala ya jibu lenu nimeziambatanisha. Jaketi lenu moja, la rangi ya chungwa, liko kwangu. Shemeji alirudi nalo mwilini hadi Minneapolis. Mtalichukua siku mtakayoleta fedha.

Wenu,
Mteja wa nafasi nne