Kaka ulonisaidia breki pale kwenye mteremko, asante sana

Jamani yule kaka alosimama kunisaidia wiki ilopita, jina sikukuuliza, ila ukisoma hii ujue ni wewe.

Nilikuwa nashuka mlima na pikipiki yangu ya safari, ya zamani, ina miaka zaidi ya 20, mabegi pande zote, mara leva ya breki ya mbele ikawa inazama mpaka mwisho na breki hamna, nikajisimamisha kwa gia. Ukaja ukachungulia kile kikopo, oili ya breki imeshakuwa ya kahawia, ukaniambia hii imevuta unyevu, DOT 4, yaani aina hii ya oili ya breki, ikiwa mpya haichemki mpaka ifike angalau nyuzi 230, ikishaingia maji inaweza kushuka mpaka 155 hivi, ndo maana mteremko mrefu, breki zikipata moto, inachemka na leva inazama. Miaka yote nabadilisha pedi tu nadhani nimemaliza kazi!

Halafu ukanionyesha shokapu ya mbele kushoto sili imekufa, oili inachuruzika kuelekea kwenye diski, ukasema pedi ikilowa oili usihangaike kuosha, tupa.

Nimefanya yote kaka. Sili mpya, oili mpya kote, pedi mpya, pistoni za kalipa (kile kinachobana pedi kwenye diski) nimezisafisha maana mbili zilikuwa zinakwama kabisa, na ile mipira ya zamani inayopitisha oili ya breki nimeibadilisha, ilikuwa inavimba ukibana leva. Sasa leva iko ngumu na mbele haizami hovyo ukishika breki.

Mke wangu ndo hukaa nyuma safari zote, kwa hiyo tunakushukuru wawili. Mungu akuzidishie.