Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Daftari la Ndege za Vita Zilizoanguka Ireland, 1939–1945

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita uliiagiza kamati isafishe daftari letu la ndege za vita zilizoanguka au kutua Ireland, nchi ambayo haikuegemea upande wowote katika Vita vya Pili. Kazi hiyo imekula mwaka mzima. Fedha nitazigusa mwishoni.

Tulikwama kwanza kwenye maneno. Serikali ya Éamon de Valera ilitangaza hali ya dharura Septemba 1939, na Waireland mpaka leo hukiita kipindi chote kile "Dharura". Tukiandika "kutua kwa dharura", msomaji anajiuliza kama tunasema namna ndege ilivyotua au miaka ilipotua. Wanachama wa Kenya waliongeza kwamba kwao neno hilo linawapeleka moja kwa moja kwenye Hali ya Hatari ya 1952. Tumeamua hivi: kipindi ni Dharura, kwa herufi kubwa, tendo la rubani ni "kutua kwa lazima".

Neno "ajali" tumelifuta kabisa kwenye safu ya aina ya tukio, kwa kuwa lilikuwa likificha kila kitu. Ndege iliyoishiwa mafuta ikateremshwa shambani salama, na ndege nzima isiyo na hitilafu iliyogonga mlima ndani ya wingu, zote zilikuwa "ajali". Sasa kuna aina nne: kutua kwa lazima, kugonga mlima, kuachwa angani kwa miavuli, na kutua baharini. Hesabu ya jumla ni zaidi ya ndege 160. Mtu akikuletea idadi tofauti usikimbilie kumsahihisha. Muulize kwanza kama amehesabu zilizozama nje ya pwani, na zile zilizotua, zikajazwa mafuta, zikaondoka zao.

Ukurasa uliotusumbua kuliko zote ni wa Mlima Brandon, Kerry, wenye urefu wa mita 952. Uko ukingoni kabisa mwa Atlantiki, na wingu huufunika hata siku ambayo bahari chini yake inaonekana vizuri. Ndege nne ziligonga safu yake. Tarehe 20 Agosti 1940 ilikuwa Focke-Wulf Fw 200 Condor ya kikosi cha Kijerumani KG 40. Wote sita waliokuwamo walipona, wakawekwa kizuizini. Tarehe 28 Julai 1943 ikafuata Sunderland (ndege ya kutua majini) ya shirika la ndege la Uingereza, BOAC, yenye usajili G-AGES, iliyokuwa ikitoka Lisbon kwenda Foynes. Kati ya watu 25 walikufa 10. Haukupita mwezi, tarehe 22 Agosti, ikagonga Sunderland DD848 ya jeshi la anga la Uingereza, RAF. Desemba 20 mwaka huohuo ikawa Wellington HF208 ya kikosi namba 304 cha Wapoland, na wote sita walikufa.

Kwa nini mlima mmoja? Kipima kimo cha siku zile ni kipima shinikizo la hewa ambacho uso wake umechorwa futi. Rubani hukirekebisha kwa shinikizo la mahali alipoondokea. Akiruka kwa muda wa saa 10 juu ya bahari kuelekea eneo la shinikizo dogo, kila milibari 1 inayopungua humdanganya kwa futi 30 hivi, na daima kwa upande wa hatari: mshale unasema yuko juu kuliko alivyo. Milibari 20, jambo la kawaida kabisa Atlantiki ya Kaskazini, ni futi 600. Sisi tuliozoea ikweta tunalipuuza hili kwa sababu Mombasa au Dar es Salaam shinikizo hupanda na kushuka kwa milibari chache tu. Ongeza kosa la dira na la upepo, rubani akashuka kutafuta bahari chini ya wingu, akakutana na mwamba.

Picha za mabaki ya Brandon zilikuwa zimechanganywa vibaya, na jibu lilipatikana kwenye injini. Condor ya 1940 ilikuwa na BMW 132 na Sunderland zilikuwa na Bristol Pegasus. Zote ni za silinda 9 zilizopangwa duara, ndiyo maana watu wamezibadilisha majina miaka mingi. Tazama kichwa cha silinda: BMW ina vali 2, Pegasus ina 4. Wellington ni rahisi zaidi, kwani Hercules yake ina silinda 14, na hewa hupita kwenye mirija inayoteleza ndani ya silinda, hivyo hutaona vali za kawaida wala fito za kuzisukuma. Ikiwa kichwa cha silinda kimeliwa na kutu, pima skrubu: za Kijerumani ni za milimita, za Kiingereza ni za inchi. Kutenganisha Sunderland moja na nyingine kunahitaji namba ya injini. Umbo la chuma halitoshi, na picha tatu tumeziacha bila jina.

Namba za ndege nazo zina mitego yake. RAF waliandika herufi na tarakimu, kama P8074. Wamarekani waliweka mwaka wa oda kisha namba, lakini mkiani wakaacha tarakimu ya kwanza ya mwaka: 42-31420 husomeka 231420. Tulikuta ndege moja imeingizwa mara mbili kwa sababu hiyo. Mabamba madogo ya vipuri yanahitaji uangalifu zaidi. Kipande cha Spitfire chenye namba inayoanza na 300 hakithibitishi kwamba ndege ilikuwa ya toleo la kwanza. 300 ni namba ya mchoro wa asili, na vipuri vyake viliendelea kutumika kwenye matoleo yaliyofuata. Toleo la pili lina 329 kwenye sehemu zilizobadilishwa tu.

Picha za panga-boi nazo tumezisoma upya. Ncha za chuma zilizojikunja kwenda mbele huonyesha injini ilikuwa bado inavuta. Zilizolala nyuma huonyesha imezimika au inazunguka bure. Mapanga ya mbao huvunjika tu, hayana la kusema.

Saa. Kuanzia 1941 Uingereza ilisogeza saa mbili mbele wakati wa kiangazi, ilhali Ireland ilibaki saa moja mbele mwaka mzima. Kwa hiyo tukio la saa 23:30 upande wa Ireland ni 00:30 ya kesho yake upande wa RAF, na ndege moja hujikuta na tarehe mbili. Baadhi yetu tukaongeza utata wa tatu kwa kuandika "saa tano usiku" kwenye safu ya tarakimu. Kuanzia sasa ni saa 24, na saa ya nchi ilikoandikwa hati itajwe.

Kuhusu waliopona, safu mpya inauliza kama walizuiliwa au waliachiwa, na kwa hoja gani. Kambi ilikuwa Curragh, Kildare, Wajerumani na Washirika (Uingereza na wenzake) wakitenganishwa kwa uzio. Baadaye Ireland ikapima kama safari ilikuwa ya vita au la, na marubani wa Washirika wakajifunza upesi kusema walikuwa mazoezini. Daftari linapaswa kuandika walichosema na, kando yake, kile kinachosemwa na kitabu cha kikosi. Mara nyingi havifanani. Wa mwisho upande wa Washirika waliachiwa Juni 1944. Wajerumani walisubiri vita viishe.

Wamarekani waliovaa sare ya nchi yao hawakuzuiliwa. Wengi wao walikuwa wakipeleka ndege Uingereza kutoka Marrakech, wakikaa mbali baharini ili kuzikwepa ndege za Kijerumani zilizokuwa Ufaransa. Upepo wa ubavuni wa noti 20 (yaani maili za baharini 20 kwa saa) usiohesabiwa, kwa muda wa saa 8, ni maili za baharini 160: tofauti inayotosha kumtoa mtu Cornwall na kumweka Cork. Mfano wake ni B-17 iliyoitwa T'Ain't a Bird, iliyotua kwenye kinamasi cha White's Marsh, Clonakilty, tarehe 7 Aprili 1943 ikiwa na tumbili anayeitwa Tojo. Tumbili alifia mjini na ana sanamu yake hapo. Ndege iliruka tena baada ya wiki kadhaa. Naomba wanachama waache kutuletea picha za sanamu. Tunazo za kutosha.

Ndege tano za Uingereza zilizotua bila kuharibika sana zilibaki zikatumiwa na jeshi la anga la Ireland: Hudson ikawa namba 91, Fairey Battle 92, Hurricane tatu 93 hadi 95. Hizi ziandikwe kwa namba zote mbili.

Spitfire P8074 ya Roland Wolfe ndiyo iliyoandikwa vizuri kuliko zote. Wolfe, Mmarekani aliyekuwa RAF, aliiacha kwa mwavuli Inishowen, Donegal, tarehe 30 Novemba 1941, injini ikiwa imechemka kupita kiasi. Ilizama kwenye kinamasi cha mboji. Juni 2011 ilichimbuliwa: injini ya Merlin, gurudumu la mkia, kofia ya ngozi, na bunduki za rashasha 6. Toleo la IIA lilibeba 8, kwa hiyo idadi iliyotoka ardhini isinakiliwe kama idadi iliyobebwa. Mboji haina oksijeni, ndiyo maana mafundi wa jeshi la Ireland waliweza kuirekebisha bunduki moja ikafyatua. Risasi pia hubaki hai, na wachimbaji wenye pupa husahau hilo. Kutafuta vitu vya kale kwa kifaa cha kunusa metali bila kibali ni kosa Ireland. Chama hakitapokea kipande kisicho na karatasi.

Kwa mwelekeo, tumeweka vituo 83 vya ulinzi wa pwani kwenye ramani yetu. Kando ya vituo hivyo liliandikwa neno ÉIRE, jina la Ireland kwa Kiairishi, kwa mawe yaliyopakwa chokaa, baadaye na namba ya kituo. Ya Bray Head, namba 8, ilijitokeza tena baada ya moto wa vichaka mwaka 2018. Vitabu vya zamu vya vituo hivi ndivyo ushahidi wetu bora wa saa na upande ndege ilikotokea.

Mwaka ujao kamati inapendekeza tukifuate kikosi namba 209 cha RAF. Ndege yake ya Catalina kutoka Lough Erne, ziwa la Ireland ya Kaskazini, iliyokuwa ikipita njia ya anga iliyoruhusiwa juu ya Donegal, ndiyo iliyoiona manowari ya Kijerumani Bismarck tarehe 26 Mei 1941. Mwaka 1942 kikosi hichohicho kilihamia Kipevu, Mombasa. Wanachama wa Pwani, hiyo ni kazi yenu.

Hesabu za fedha ameziambatisha mweka hazina. Ada zimetosha nakala za nyaraka, hazikutosha safari.

Limebaki jambo moja la kupigiwa kura. G-AGES ilikuwa na usajili wa kiraia, lakini umbo, injini na njia yake ni za vita, na bila yake ukurasa wa Brandon hauelezeki. Kamati iligawanyika. Pendekezo lililo mbele yenu ni kuibakiza daftarini kwa alama ya pekee na kutoihesabu kwenye jumla. Karatasi za kura anazo katibu.