Barua ya malalamiko: boriti ya nyuma na vyuma vya kuimarishia chesisi ya Land Rover 109

Chumbageni,
Tanga.
14 Julai 2025

Meneja wa Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUUZIWA VYUMA VYA CHESISI VISIVYOENDANA NA LAND ROVER SERIES III 109

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Mei nililipia kwenu kwa lipa namba shilingi 1,150,000. Malipo yalikuwa ya boriti ya nyuma ya chesisi, mikono minne inayobeba bodi, na seti ya mabamba ya kuimarishia reli, yaani vile vyuma viwili virefu vya chesisi. Kabla ya kulipa niliwatumia picha ya kibati cha namba ya chesisi na nikaandika wazi: Land Rover Series III, 109, pikapu, ya mwaka 1974. Mhudumu wenu akanijibu, na ujumbe wake ninao mpaka leo: "Ipo ya 109 kabisa bosi, funga tu." Mzigo ukapakiwa kwenye basi, nikaupokea stendi ya Kange.

Boriti ilikuja na karatasi iliyobandikwa, imeandikwa "Series III 109". Fundi wangu alipokuwa anaifuta mafuta karatasi ile ikaanza kuachia pembeni, tukaona chini yake kuna karatasi nyingine. Tukaibandua yote. Ile ya chini imeandikwa "110". Picha ya karatasi zote mbili nimeiambatanisha, na ningependa kujua ni nani ghalani kwenu aliyebandika ile ya juu.

Nilipopiga simu nikaambiwa: "Mzee, 109 na 110 ni inchi moja tu, fundi atarekebisha." Mtu anayeuza vyuma vya Land Rover hakupaswa kusema hivyo. Namba hizo ni urefu kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma: inchi 109 ni milimita 2,769, inchi 110 ni milimita 2,794. Ingekuwa ni hiyo inchi peke yake nisingeandika barua. Lakini 110 iliyotoka mwaka 1983 ni gari jingine kwa chini. Imekaa kwenye springi za koili, zile za kuzunguka, wakati 109 yangu imekaa kwenye springi za vyuma bapa, na springi hizo zinashikwa na chesisi yenyewe. Miguu ya boriti mliyonitumia haikai kwenye reli zangu, na mahali ambapo springi ya nyuma inatakiwa kushikwa hapana kitu. Hapo fundi atarekebisha nini? Akate, aunge, abandike viraka, halafu mimi nipakie nazi Pangani nirudi nayo mjini?

Mikono ya bodi nayo ina kisa chake. Tangazo lenu linasema bamba la milimita 2, unene ambao mtu anautarajia kwenye chesisi ya aina hii. Rangi nyeusi mliyopaka ilikuwa nzito kiasi cha kuficha mambo mengi. Tulipoikwangua na kupima kwa kalipa, tukapata milimita 1.2. Bamba la namna hiyo linafaa kutengenezea debe. Fundi alijaribu kulichomelea kwenye kipande cha pembeni, moto ukalitoboa kabla hajamaliza hata mshono mmoja. Kipande hicho ninacho.

Niseme na la mabamba ya kuimarishia, maana hapa kuna hatari na kuna wateja wenu wengine. Mmeyakata mraba, na karatasi ya maelekezo inasema yachomelewe pande zote nne. Mshono unaokatiza reli kuanzia juu hadi chini unaifanya ile reli iwe ngumu ghafla mahali pamoja, na chuma kinaanza kupasuka pembeni mwa mshono huohuo. Ndiyo maana mafundi wazoefu hukata ncha za bamba kwa mshazari, zikawa kama za almasi, ili mzigo usambae taratibu. Tena karatasi hiyo haisemi popote kwamba kutu ikatwe kwanza hadi kwenye chuma kizima, wala kwamba bodi ifungwe mihimili na vipimo vya mshazari vihakikiwe kabla ya kukata boriti ya zamani. Mtu akifuata maelekezo yenu neno kwa neno, gari litatoka limekaa upande.

Mhudumu wenu mwingine aliniuliza kwa nini nahangaika na gari la zamani wakati "bodi yenyewe bado nzima". Bodi ni nzima kwa sababu ni ya aluminiamu. Huku pwani kinachokufa ni chesisi: inaliwa kwa ndani, maji ya chumvi na tope yakituama ndani ya reli zake, ambazo zina umbo la boksi, na pale aluminiamu inapogusana na chuma inageuka unga mweupe. Gari hili limefanya kazi mashamba ya mkonge kabla halijafika kwangu, na bado linafanya kazi. Silikarabati ili nipige nalo picha.

Kwa hiyo naomba yafuatayo yafanyike ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Mnirudishie shilingi 1,150,000 zote, pamoja na nauli ya mzigo kuja Tanga. Kuurudisha Dar es Salaam ni gharama yenu. Sitaki kubadilishiwa na boriti nyingine kutoka ghala hilohilo, na punguzo la bei kwa manunuzi yajayo, ambalo nilishaahidiwa kwenye simu, silihitaji. Vilevile muondoe kwenye tangazo yale maneno ya milimita 2, au muuze kweli bamba la milimita 2.

Msipojibu, nitapeleka malalamiko haya pamoja na viambatisho vyake Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa.

Nimeambatanisha nakala ya malipo, ujumbe wa mhudumu wenu, picha za karatasi mbili za boriti na picha za kipimo cha kalipa. Mzigo uko gereji, Ngamiani, haujachomelewa popote isipokuwa kile kipande cha majaribio. Atakayetumwa kuuchukua anipigie kabla hajatoka Dar es Salaam, na fedha ziwe zimeshaingia. Namba yangu mnayo.

Wenu,
Mteja, mwenye Land Rover Series III 109