Risala ya Klabu ya Baiolojia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakukaribisha kwa heshima kubwa na kukushukuru kwa kuitikia wito wetu.

Mwaka huu klabu imejifunza juu ya kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum. Kwenye darubini tulikiona kama pete nyembamba ya buluu yenye kitone chekundu, kimejibanza ndani ya seli nyekundu ya damu. Ungedhani kimelala. Kumbe kiko kazini.

Mgeni Rasmi, seli nyekundu iliyokomaa haina kiini wala mitambo ya kutengeneza protini. Kimelea hakikuti humo mtumishi wa kumtuma. Hutengeneza protini zake chenyewe na kuzitoa nje, ilhali kimefungwa ndani ya kifuko chenye utando. Nyingi ya protini hizo hubeba alama fupi, iliyotambuliwa mwaka 2004. Kimeng'enya kiitwacho plazimepsini V huikata alama hiyo zikiwa bado ndani ya kimelea, kisha protini hizo hufika kwenye lango la kifuko, liitwalo PTEX, lililoelezwa mwaka 2009. Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko pengine pote: protini iliyokunjika haipiti. Hukunjuliwa kwanza, ikapenya kama uzi kwenye tundu la sindano, ndipo ikunjwe upya ng'ambo.

Protini nyingine ya kimelea, iitwayo PfEMP1, haina alama ile, lakini nayo hulitegemea lango hilohilo. Hujitokeza juu ya seli, kwenye vinundu vidogo sana, na kuinatisha seli kwenye kuta za mishipa midogo ya damu isifike kwenye wengu ikaangamizwa. Seli hizo zikinata kwenye mishipa ya ubongo, mgonjwa anaweza kupoteza fahamu. Na kinga ya mwili ikishaizoea sura moja, kimelea huchagua nyingine, kwani kina jeni zipatazo 60 za protini hiyo.

Mwaka 2014 watafiti waliliziba lango hilo maabara, na vimelea vikashindwa kukua. Habari hiyo ilitusisimua sana, maana wenzetu wengi darasani wanataka kuwa watafiti wa dawa.

Ombi letu ni moja. Darubini tuliyo nayo lenzi yake ya mara 100 imechubuka, na ile pete tuliiona kwa kupokezana, kila mmoja dakika moja. Tunaomba utusaidie kupata lenzi nyingine.

Tunaomba kuwasilisha.