Tumbaku ya kamba isiuzwe kwa harufu yake

Mhariri, assalaam alaykum.

Nimeisoma barua ya msomaji wenu wa Unguja aliyeandika kuwa kiko hakina madhara kama sigara kwa vile moshi wake haumezwi, na akaisifu khasa hii tumbaku ya kamba yenye harufu ambayo jamaa wanakuja nayo kutoka Uingereza, anasema ni nyepesi, inanukia waridi na vanila, hata wake majumbani hawalalamiki. Mimi navuta kiko miaka mingi sasa, marehemu baba yangu alikuwa mtu wa mtemba, na hiyo kamba naijua vizuri, kwa hiyo kwa heshima zote ndugu yangu hapo kwenye wepesi sikubaliani nae hata kidogo, mana kauli hiyo ndo inayotuumizia vijana huku Pemba na siwezi kuiacha ipite.

Kwa asoijua nieleze kidogo. Wanachukua majani ya tumbaku wanayatoa ule mshipa wa kati, alafu yanasokotwa marefu marefu mpaka inatoka kamba nene kama kidole, inaviringwa, inagandamizwa, na ile nyeusi inapikwa kwa moto mpaka inageuka rangi na kutoa mafuta. Huko Kendal, mji mdogo kaskazini ya Uingereza, kazi ya tumbaku na ugoro ipo tangu miaka ya 1790 na kamba wanazisokota mpaka leo. Mabaharia wa zamani walizipenda tumbaku za kusokotwa kwa sababu hazikauki upesi na hazivurugiki chomboni, mtu anakata anachotaka tu. Wachimba makaa nao walikuwa wakiitafuna, mana chini ya ardhi kuwasha moto ni kutafuta mauti kwa ile gesi. Yaani ilikuwa tumbaku ya watu wa kazi ngumu waliotaka kitu kinachouma, na mpaka leo ni hivohivo, hakuna aliyeipunguza ukali.

Na ukali wake unaanzia shambani. Majani yanayotumika sana kwenye kamba hizi ni yale meusi ya moshi, namna ile wanayolima ndugu zetu wa Songea na Namtumbo na majirani wa Malawi, majani yananing'inizwa bandani na chini yake unawashwa moto wa kuni siku kadhaa mpaka yanakunywa moshi. Siyo ile tumbaku ya mvuke ya Tabora na Urambo, inayokaushwa kwa joto bila ya kupitishwa moshi, inayoenda kwenye sigara. Na mkulima ua likichomoza analivunja ili nguvu yote irudi kwenye majani. Sasa jani likishafika hapo lina nikotini yake kamili, na wewe ulimwagie marashi gani, nikotini haiendi popote.

Marashi ndo yanakuja mwisho. Kuna za waridi, kuna za vanila, na kuna hii ya mbegu za tonka kutoka Amerika ya Kusini ambayo inanukia baina ya vanila na lozi. Nzuri sana, sikatai. Unafungua mkebe unadhani umefungua kabati la bi harusi. Lakini hiyo tonka ina kitu kinaitwa kumarini ambacho Marekani walikipiga marufuku kutiwa kwenye vyakula tangu 1954, kwa hiyo hata harufu yenyewe nayo si ya kuichukulia tu kwa vile inapendeza.

Sasa nije kwenye hili la "moshi haumezwi". Ndugu yangu, bibi zetu wamekula tambuu miaka na miaka na hakuna aliyewahi kumeza moshi. Wanatandaza jani, wanapaka chokaa, popoo, na kitumbaku kidogo kwenye ncha za vidole, alafu shavuni. Na mgeni akila tambuu ya watu wazima akatiliwa tumbaku anakaa chini mwenyewe bila kuambiwa, kichwa kinazunguka. Imemfikiaje? Kupitia shavuni. Ile chokaa ndo inayoifungua tumbaku ikaingia kwenye ngozi ya mdomo, na ugoro unaochanganywa na magadi ni mambo hayohayo. Moshi wa sigara una asidi, mdomoni haupiti vizuri, ndo mana mvutaji wa sigara analazimika kuuteremsha mpaka mapafuni. Moshi wa tumbaku nyeusi kwenye kiko una umagadi, yaani kinyume cha asidi, unapita mdomoni bila ya kumezwa. Kwa hiyo kusema simezi si kinga, unaipata hivohivo, na kwa kamba unaipata nyingi, mana sigara moja ina tumbaku isiyofika hata gramu 1 na kiko kinabeba gramu 2 hata 3, na kamba inaungua polepole unakaa nayo saa nzima.

Nasema haya kwa sababu tumeyaona. Ramadhani iliyopita kijana wa mtaani kwetu, dereva wa bodaboda, alinunua kipande cha kamba kwenye duka moja, kimekatwa tu na kuzongwa kwenye gazeti, hakina pakiti hakina maandishi, akaambiwa hii ya waridi ni laini, hata anayeanza anaivuta. Jioni adhana imelia, tende moja na funda la maji, akakiwasha, na kwa vile amezoea sigara akawa anaumeza ule moshi mpaka ndani. Hata futari haijaandaliwa vizuri. Kwanza ilimshika kwikwi, sisi tulidhani maji yamempalia. Alafu akatoka jasho la baridi, shati limerowa kama aliyetoka baharini, midomo imekuwa myeupe, akaanza kutapika na kutapika mpaka hakuna kinachotoka, akitaka kusimama miguu haimchukui. Mama yake analia anaita watu waje wasome. Tulimlaza ubavu kwenye jamvi asije akapaliwa na matapishi, alipotulia tukampa maji ya sukari kidogo kidogo, alafu tukatafuta gari kumpeleka spitali. Alhamdulillah alipona, lakini kwa muda ule kila aliyekuwa pale aliogopa kwelikweli. Tumbo tupu la kutwa nzima, kitu kikali kuliko vyote alivyowahi kuvuta, na aliyemuuzia amemwambia ni laini. Mimi bado naumia nikikumbuka sauti ya yule mama.

Kitu kinachonishangaza ni kuwa sisi Wapemba ndo tulitakiwa tuwe wa mwanzo kuelewa harufu inafanya nini kwenye tumbaku. Karafuu zetu zilikwenda wapi miaka yote ile? Kwenye sahani za pilau? Nyingi zilikwenda Indonesia kutiwa kwenye kretek, sigara zao za karafuu zilizoanzia mji wa Kudus karne ya 19, wakati ule Indonesia ndo ilikuwa mteja wetu mkubwa kabisa, na ilipofika miaka ya 1980 wakawa wanajitosheleza kwa karafuu zao bei huku ikaanguka, wazee wenye mikarafuu wanaikumbuka shida ile. Sasa jiulize karafuu inafanya nini ndani ya sigara. Jino likiuma hapa kwetu mtoto anawekewa karafuu, pahala panakufa ganzi, daktari wa meno nae anatumia dawa hiyohiyo ya karafuu, yujenoli, ndo ile ile iliyomo kwenye mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, ya kiwanda cha Wawi hapa Pemba. Ukiivuta inatia ganzi koo. Koo likishakufa ganzi haliumi, mtu anavuta zaidi na anavuta ndani zaidi. Yaani kile kikohozi na ule muwasho ambao Mwenyezi Mungu ameuweka ili mwili ukatae, karafuu inaunyamazisha.

Waridi na vanila hazitii ganzi kama karafuu, lakini kazi yao ni ya namna hiyohiyo, zinamtoa mtu wasiwasi. Mtoto wa miaka 16 mpe tumbaku nyeusi kavu ya moshi anuse, anarudisha kichwa nyuma. Mpe hiyohiyo ina waridi, anasogea.

Wenzetu wameliona hili ila wameliona nusu. Marekani mwaka 2009 walipiga marufuku sigara za vionjo, karafuu ikiwemo. Indonesia ikawashitaki kwenye Shirika la Biashara Duniani na mwaka 2012 ikashinda, kwa sababu Wamarekani waliizuia karafuu ya watu wakaiacha mentholi inayotengenezwa kwao. Ulaya nao mentholi kwenye sigara ikaondoka 2020. Lakini sheria zote hizo zimeshika sigara, tumbaku ya kiko imerukwa. Imechukuliwa kuwa ni kitu cha wazee wachache kwenye viti vyao. Na ndo mana naogopa, sisi tukikaa tukasubiri kunakili sheria zao tutanakili na tundu lake, na kwenye tundu hilo ndo wafanyabiashara watapita na kamba za waridi, za ndizi, za kila kitu, kama tulivoona shisha ilivoingia kwa vionjo vyake na vijana wakaambiwa ni matunda.

Nieleweke vizuri. Sitaki wazee wanyang'anywe viko vyao, na kuhusu dini masheikh wameshasema yao na kila mtu anajua alipo na Mola wake, hapo siingii. Wala sisemi kiko ni salama, kinaleta saratani ya mdomo na ya koo na ya kinywa chote na hata ya mapafu, wapo watu wa visiwa hivi wamepelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, na mashavu yametoboka, na akija mtu kuniuliza kama aanze nitamwambia asianze, kwisha. Ninachosema ni kuwa tumbaku hii ina namna yake na wanaoiuza hawaisemi. Kamba unaikata kwa kisu kikali vipande vyembamba kabisa, ukubwa wa sarafu lakini wembamba wa karatasi, unavitandaza kivulini mpaka kingo zinaanza kujikunja, na huku kwetu masika ile unyevu unaweza kungoja kutwa na bado ni mbichi, na ukiivuta mbichi unavuta mvuke wa moto unakuchubua ulimi. Alafu unaifikicha, unajaza kiko bila kushindilia, unavuta kidogo sana na kusubiri, na tumbo lazima liwe limeshiba. Mzee aliyeizoea akihisi mate yanamjaa mdomoni anakiweka chini hapohapo, mana anajua kinachofuata. Haya yote nani alimwambia yule kijana? Aliambiwa ya waridi.

Tanzania iliridhia ule mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku tangu 2007, na ndani yake mnaelezwa kuhusu kilichomo kwenye tumbaku, maonyo kwenye pakiti na kutowauzia watoto. Kipande kilichozongwa kwenye gazeti kina onyo gani? Hiki ndicho ninachowaomba wahusika wa afya hapa Zanzibar, wakikagua maduka wasiangalie sigara peke yake, waangalie na tumbaku hizi zinazokatwa na kuuzwa kwa kipande, ziuzwe ndani ya mkebe wake wenye maandishi au zisiuzwe, na chochote kitakachoandikwa kuhusu vionjo kiitaje na tumbaku ya kiko kwa jina lake. Jamaa zetu wanaokuja kutoka Uingereza na kuleta zawadi nao nawaomba, ukimletea mjomba wako kamba mpe mkononi yeye mjomba, usiiache sebuleni ikaishia maskani. Na wenye maduka, wallahi hakuna khasara utakayoipata kwa kumwambia mteja hii kali, tena kali kweli, hebu kula kwanza, na wewe mtoto huuziwi.

Na wewe mhariri, ukipata barua nyengine inayosema tumbaku fulani ni nyepesi, muulize aliyeandika amepimaje, kwa pua au kwa kitu gani, kabla hujaichapa. Gazeti lenu linasomwa kwa sauti vibarazani huku, mmoja anasoma kumi wanasikiliza, na vijana wamo.

Ikiwezekana barua hii itoke kabla ya Ramadhani. Namuomba na yule ndugu wa Unguja, akipenda kujibu, atuandikie hiyo kamba anayovuta mkebe wake umeandikwa nini, majani gani na yametoka wapi, tuyazungumze hayo.

Msomaji wenu wa siku zote,
Wete, Pemba.