Shangazi, nilisema Kiswahili karibu na Masaka

Shangazi yangu,

Nimefika. Siku tisa tangu nikuage Busia, baiskeli imeegemea ukuta hapa Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, na mapaja bado yanawaka kwa hivi vilima. Nakuandikia hadharani kwa sababu si wewe peke yako uliyenikanya.

Uliniasa mambo mawili. La kwanza, nijihadhari na malori. La pili, nikishavuka Nile pale Jinja, Kiswahili changu nikifiche, kwa kuwa Buganda watu walizoea kukisikia midomoni mwa wenye bunduki. La malori ulisema kweli.

Msitu wa Mabira nilipita salama. Pale Najjembe wauza kuku wa kuchoma walinijazia chupa ya maji, wakakataa hata shilingi.

Kupita Kayabwe, penye mstari wa ikweta, ndipo unaingia Lwera: kinamasi, mafunjo kulia na kushoto, kivuli hakuna. Tairi la nyuma likapasuka ubavuni, mpasuko wa urefu wa kidole. Tyubu ya akiba ninayo, lakini ingechomoza palepale. Akaja mzee anasukuma baiskeli yenye mikungu minne ya matoke. Unajua mwenyewe, baiskeli yenye mzigo hivyo haisimamishwi ovyo. Ikilala, kuiinua ni kazi ya watu wawili. Akaisimamisha. Akaitegemeza kwa gongo, akafungua mpira wa kufungia mzigo, akakata kipande, akakikunja mara mbili na kukipachika ndani ya tairi penye mpasuko. Mpira uliobaki haukutosha kuzunguka mikungu yake, akamalizia kwa majani makavu ya mgomba. Mimi nilikuwa na "webale, ssebo" tu, asante bwana kwa Kiganda. Yeye alinionyesha mawingu, niwahi.

Kipande kile kimo ndani ya tairi mpaka sasa ninapoandika.

Mvua ilinikuta kabla ya Masaka. Bibi mmoja akaniita barazani, akamtuma mtoto kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, kumjulisha kuna mgeni, akanipakulia matoke kwa mchuzi wa karanga. Kiganda changu kiliishia kwenye salamu. Halafu ukapiga simu, Shangazi. Nikakujibu kwa Kiswahili, nikamwona anaweka sahani chini polepole.

Alisubiri nimalize. "Tanzania?" akauliza. Nikamwambia hapana, Busia. Akaanza kuhesabu kwa vidole maneno aliyonayo: maji, chakula, pita, lala chini, usiogope. Mwaka 1979, majeshi ya Tanzania yalipoingia Masaka kupigana na Amin na mji ukabomolewa vibaya, alikuwa msichana wa rika langu, amejificha migombani. Hayo ndiyo aliyoyasikia. Hakueleza zaidi, nami sikumchimba.

Angenionyesha mlango ningemwelewa, Shangazi. Alinitandikia kitanda chake, yeye akalala mkekani na wajukuu.

Usiku radi ilipiga karibu, mabati yakalia. Akaja na tochi ya simu, akaielekeza chini isiniumize macho, akasema, "Usiogope." Akasimama pale mpaka ngurumo zikasogea mbali.

Asubuhi pesa alikataa, akanifungia mayai mawili ya kuchemsha. Nimemwahidi nitarudi Desemba, kwa basi, na mgeni. Mgeni huyo ni wewe. Atakupokea kwa yale maneno matano. Naomba ukamwongezee mengine.

Mwanao.