Mafundi wapime kabla ya kutia tupa kwenye bloku

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na mafundi wenzangu wa pikipiki hapa Pemba, hasa vijana, juu ya tabia ya kuzikata kwa tupa bloku (silinda zenye matundu ambayo pistoni huyafungua na kuyaziba) za Vespa na Yamaha DT za zamani ili ziongeze nguvu. Hizi ni injini za mipigo miwili, zile zinazounguza oili pamoja na petroli, na vipuri vyake vya asili vimekuwa adimu, kwa hiyo bloku ikiharibiwa mwenye pikipiki hana pa kukimbilia.

Wengi hulipandisha juu tundu la kutolea moshi. Hawakukosea moja kwa moja, kwani tundu hilo likifunguka mapema injini hupumua vizuri zaidi katika mzunguko wa kasi. Hasara huonekana katika mzunguko mdogo: pistoni husukumwa kwa muda mfupi zaidi, na sehemu ya mchanganyiko mbichi wa hewa na petroli hutoroka na moshi. Anayekimbia katika tambarare za Unguja pengine hatajali, lakini anayepanda vilima vya kwetu, kati ya Chake Chake na Wete, akiwa na gunia la karafuu nyuma, atajikuta anarudi gia ya kwanza pale alipokuwa akipita na ya pili.

Kisha kuna ekzosi, ambayo mafundi wetu wengi huiona kuwa ni bomba la kupunguza kelele tu. Moshi ukitoka hutanguliwa na wimbi. Bomba linapopanuka, wimbi hilo hurudi likiwa la kuvuta na kusaidia kusafisha silinda, na linapobana mwishoni hurudi wimbi la kusukuma, ambalo huurejesha ndani mchanganyiko uliokwisha kuponyoka kabla pistoni haijaziba tundu. Mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ, Ujerumani Mashariki (nchi ile ile iliyotusaidia kujenga nyumba za Kilimani na Michenzani), aliisoma elimu hii hadi mwaka 1961 injini yake ya cc 125 ikatoa nguvu za farasi 25. Mwaka huo huo dereva wake, Ernst Degner, alitoroka na elimu hiyo na kujiunga na Suzuki, na mwaka 1962 Suzuki ikachukua ubingwa wa dunia wa mbio za pikipiki za cc 50. Mawimbi hayo hufika kwa wakati wake pale tu urefu wa bomba unapokubaliana na matundu. Ukikata tundu na kuacha ekzosi ya zamani, umeyavuruga.

Baya zaidi ni kutoboa chujio la hewa bila kubadilisha jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopima petroli, kwani hewa huzidi na petroli huwa kidogo. Katika Vespa oili husafiri ndani ya petroli, hivyo petroli ikipungua pistoni hukosa ulainisho wakati ambapo joto limepanda, na injini hunoki, yaani pistoni hukwama ndani ya silinda. Wanaodhani dawa ni kuzidisha oili kwenye tangi huongeza tatizo, maana nafasi ya petroli katika jeti ile ile huzidi kupungua.

Mimi huanza na sili za krenki, mipira inayoziba hewa kwenye ncha za mhimili wa injini, kwani zikivujisha hewa hakuna marekebisho yatakayokaa. Halafu huingiza waya laini wa lehemu kupitia tundu la plagi hadi ukingoni mwa silinda, upande uliolingana na pini ya pistoni, nikaizungusha injini polepole kwa kiki. Waya hubanwa, na unene unaobaki ndiyo nafasi iliyopo kati ya pistoni na silinda hedi. Ikiwa ni milimita 2, kuishusha hadi ikaribie 1 huongeza nguvu bila ya kugusa tundu lolote.

Ningependa Kituo cha Mafunzo ya Amali cha Vitongoji kiwafundishe vijana vipimo hivi. Na atakayeshikilia kukata, basi akate nusu milimita kwa nusu milimita, kisha alainishe kingo za tundu kwa msasa laini, kwani ringi ya pistoni ikinasa hapo huvunjika na kuichana silinda nzima.

Fundi wa pikipiki,
Wete, Pemba.